Sare ya vyama, hasara ya wapiga kura

Tarehe 29 Agosti 2025, Gavana Greg Abbott wa Texas alitia saini sheria iliyochora upya mipaka ya maeneo bunge 38 ya jimbo lake. Shabaha ilitangazwa mchana kweupe: kukiongezea chama cha Republican viti vitano katika Baraza la Wawakilishi la Marekani. Miezi miwili na siku chache baadaye, tarehe 4 Novemba, wapiga kura wa California walipitisha kwa takriban asilimia 64 ya kura Pendekezo la 50, lililoiweka kando ramani ya tume yao huru na kuleta nyingine iliyokusudiwa kukipa chama cha Democratic viti vitano. Ukitoa tano kwa tano unabaki na sifuri, na wachambuzi wengi waliishia hapo, wakisema vyama vimetoka sare na hakuna kilichoharibika. Hesabu hiyo imekosewa tangu mwanzo, kwa sababu imehesabu vyama na kusahau watu. Mfugaji Mrepublican wa kaskazini mwa California aliyenyang'anywa uwezo wa kumpata mbunge wake hapati fidia yoyote kwa kuwa mwalimu Mdemocrat wa Austin, Texas, naye kanyang'anywa. Hawajuani, hawawakilishwi na mtu mmoja, na kura ya huyu haiwezi kumfaa yule. Kila mmoja amebaki na hasara yake.

Tuanze na kile kinachogombaniwa. Baraza la Wawakilishi lina viti 435, idadi iliyogandishwa kwa sheria ya mwaka 1929. Kila baada ya miaka 10 sensa huhesabu wakazi wote, raia na wasio raia, kisha viti hugawiwa majimbo kwa kadiri ya watu wake. Hata wakimbizi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili waliopewa makazi Texas wamo katika hesabu hiyo, ingawa hawatapiga kura mpaka wapate uraia. Sensa ya 2020 iliiongezea Texas viti viwili ikafikisha 38, na California ikapoteza kiti kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikabaki na 52. Baada ya hapo kila jimbo hujikata lenyewe katika maeneo bunge yenye watu takriban 760,000 kila moja. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1964 katika kesi ya Wesberry dhidi ya Sanders, iliyotoka Georgia, maeneo ya jimbo moja sharti yalingane kwa idadi ya watu. Lakini kulingana kwa idadi hakumzuii mchoraji kuamua nani aangukie upande gani wa mstari, na mwamba ngoma huvutia kwake. Katika majimbo mengi mchoraji ni bunge la jimbo, yaani wanasiasa wa chama chenye wingi, na mbinu zao ni mbili. Wapinzani hurundikwa katika maeneo machache ili washinde huko kwa kura nyingi kupita haja, au hutawanywa vipande vipande katika maeneo mengi ili wasifikishe wingi popote. Kazi hii ni ya zamani. Gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts aliidhinisha ramani ya namna hiyo mwaka 1812. Kilichobadilika ni vifaa. Leo kompyuta hubeba matokeo ya chaguzi zilizopita ya kila kituo, na mstari unaweza kupindishwa mtaa kwa mtaa mpaka jibu linalotakiwa lipatikane.

Nashville, makao makuu ya Tennessee, ina wakazi karibu 700,000 pamoja na kaunti yake ya Davidson, idadi ambayo inakaribia kujaza eneo bunge zima. Ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu, na tangu 2003 mji huo uliwakilishwa na Mdemocrat Jim Cooper. Mwaka 2022 bunge la jimbo liliukata mji vipande vitatu, na kila kipande kikashonwa na kaunti za mashambani zinazoipigia kura Republican kwa wingi. Cooper alitangaza kwamba hatagombea tena, kwa kuwa hakuona namna ya yeye kushinda katika vipande hivyo. Tangu hapo Nashville ina wabunge watatu kwa karatasi, na hakuna hata mmoja ambaye kiti chake kinategemea ridhaa ya Nashville. Mbunge anayejua kwamba atachaguliwa na kaunti za jirani hana sababu ya kuamka usiku kwa ajili ya kodi za nyumba zinazopanda mjini au foleni za barabara zake, na wala si lazima awe mtu mbaya ili awe hivyo. Ramani ndiyo imemfundisha nani wa kumsikiliza.

Kansas City, Missouri, inaonyesha jambo hilo kwa ukaribu zaidi. Barabara iitwayo Troost Avenue ilikuwa kwa vizazi mstari wa ubaguzi wa rangi katika mji huo: watu weusi waliishi mashariki yake, wazungu magharibi. Wakazi wamejitahidi kwa miaka mingi kuufuta mstari huo. Ramani mpya ya jimbo, iliyotiwa saini na Gavana Mike Kehoe mwishoni mwa Septemba 2025, imetumia sehemu ya barabara hiyo kuwa mpaka wa maeneo bunge. Anayelengwa ni Emanuel Cleaver, mtu mweusi wa kwanza kuwa meya wa Kansas City na mbunge tangu 2005, ambaye eneo lake sasa limevutwa mashariki mpaka kwenye kaunti za wakulima. Missouri ina viti vinane. Republican ilikuwa na sita na inataka saba. Kwa ajili ya kiti hicho kimoja, majirani wanaotazamana ng'ambo ya barabara, wanaotumia mabasi yale yale na kulalamikia maji taka yale yale, wametengwa katika maeneo mawili ya uchaguzi, tena kwenye mstari ambao babu zao walikatazwa kuuvuka. Sioni namna ya kulitazama jambo hilo na kuliita mbinu ya kawaida ya siasa.

Anayetaka ushahidi wa tarakimu aende North Carolina, maana huko historia imefanya jaribio ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga. Ni jimbo ambalo vyama viwili vinakaribiana sana. Mwaka 2016 Warepublican waliotawala bunge la jimbo walichora ramani ya kupata viti 10 dhidi ya vitatu, na mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, David Lewis, alisema hadharani kwamba walifika 10 kwa sababu hakuamini kwamba 11 ingewezekana. Mwaka 2022 uchaguzi ulifanyika kwa ramani iliyochorwa chini ya usimamizi wa mahakama ya jimbo, na viti 14 vilivyokuwapo wakati huo viligawanyika saba kwa saba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya jimbo, ikiwa na majaji wengi wapya wa Republican, iligeuza msimamo wake, bunge likachora upya, na mwaka 2024 matokeo yakawa 10 kwa vinne, katika uchaguzi ambao Donald Trump alipata takriban asilimia 51 tu ya kura za jimbo hilo. Wapiga kura walikuwa karibu wale wale. Kilichobadilika ni mistari. Na viti hivyo vitatu si vidogo: uchaguzi wa 2024 uliipa Republican viti 220 na Democratic 215 katika baraza zima, kwa hiyo kalamu ya wachoraji wa jimbo moja ilitosha kuamua nani ashike usukani wa Baraza. Oktoba 2025 wakachora tena, safari hii wakimlenga Don Davis, mbunge mweusi wa kaskazini mashariki mwa jimbo, ili wafikishe 11. Gavana wao, Josh Stein, ni Mdemocrat, lakini katiba ya jimbo haimpi kura ya turufu juu ya ramani.

Kwa nini mahakama za taifa hazikuzuia? Kwa sababu zilijifunga mikono zenyewe. Kesi ya ile ramani ya 2016 ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani kwa jina la Rucho dhidi ya Common Cause, ikaunganishwa na nyingine ya Maryland ambako waliolalamika walikuwa Warepublican. Mtaalamu mmoja aliichorea North Carolina ramani 3,000 kwa kompyuta, akifuata vigezo vya jimbo lenyewe bila kuangalia vyama, na kila moja kati ya hizo 3,000 iliipa Democratic angalau kiti kimoja zaidi ya ramani halisi. Juni 2019, kwa kura tano dhidi ya nne, Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba upendeleo wa aina hii haupatani na misingi ya demokrasia, lakini ni suala la kisiasa ambalo mahakama za taifa hazina kipimo cha kuliamulia. Jaji Elena Kagan alipinga kwa nguvu, na miaka iliyofuata imempa haki. Hukumu ile ilifanya jambo baya kuliko kunyamaza: iliigeuza nia ya kichama kuwa kinga. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965 na Katiba bado zinakataza kuwabagua wapiga kura kwa rangi, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu yenyewe iliwashindia wapiga kura weusi wa Alabama katika kesi ya Allen dhidi ya Milligan. Lakini Kusini mwa Marekani rangi na chama vimefungamana. Mchoraji anayewatawanya watu weusi husema tu kwamba amewatawanya kwa kuwa ni Wademocrat, na hapo mlango wa mahakama unafungwa.

Hicho ndicho kilichotokea Texas. Tarehe 18 Novemba 2025 jopo la majaji watatu huko El Paso lilizuia ramani mpya kwa kura mbili dhidi ya moja, na hukumu iliandikwa na Jaji Jeffrey Brown, aliyeteuliwa na Trump mwenyewe. Jopo liliona kwamba rangi ilitumika, likitaja barua ya Wizara ya Sheria ya mwezi Julai iliyolalamikia maeneo bunge manne kwa misingi ya rangi ya wakazi wake. Haikupita hata wiki tatu, tarehe 4 Desemba, Mahakama ya Juu ikaisimamisha hukumu hiyo na kuruhusu ramani itumike. Jaji Samuel Alito, akiungana na wenzake wawili, aliongeza kwamba msukumo wa ramani ya Texas, kama ule wa California, ulikuwa faida ya kichama na si kingine. Katika nchi ambayo bado inatafuta uwakilishi wa haki, maneno hayo yangekuwa shtaka. Hapo yalikuwa utetezi. Na kesi ya Louisiana, iliyosikilizwa kwa mara ya pili Oktoba 2025, ilipeleka mbele ya majaji hao hao swali la kama hata ulinzi dhidi ya ubaguzi wa rangi ubaki ulivyo.

Hoja nzito kuliko zote upande wa pili ni ile ya kujibu mapigo, na inastahili kusikilizwa kwa heshima. Gavana Gavin Newsom wa California alisema kwamba chama kinachoshika sheria peke yake, huku mwenzake akizivunja, kinawaachia wananchi wake watawaliwe na aliyezivunja. Aliongeza kwamba California haikufanya gizani: wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni, wakakubali, na ramani ni ya muda, kwa chaguzi za 2026, 2028 na 2030 tu, kisha tume irudi. Texas haikumuuliza mpiga kura hata mmoja. Tofauti hiyo ni ya kweli na sitaipuuza. Anayeanza ugomvi ana dhambi kubwa kuliko anayejibu, na aliyeanza huu ni Rais Trump alipoishinikiza Texas imtafutie viti vitano katikati ya muongo, wakati hakuna sensa mpya wala amri ya mahakama iliyodai ramani mpya.

Hata hivyo lazima tuulize mapigo hayo yamempata nani na yamezuia nini. Kaunti ya Modoc iko pembeni kabisa mwa California, mpakani na Oregon na Nevada, ina watu wasiofikia 10,000, na maisha yake ni ng'ombe, majani ya kulisha mifugo na ugomvi wa maji ya kumwagilia. Ramani mpya imeiunganisha na Marin, kaunti ya matajiri iliyo ng'ambo ya daraja la Golden Gate kutoka San Francisco, safari ya mamia ya maili. Watu wa Modoc hawakuchora ramani ya Texas. Wameadhibiwa kwa kosa la gavana wasiyemchagua, katika jimbo wasiloishi. Na kama lengo lilikuwa kuwatisha wengine wasiige, halikutimia. Wabunge wa California waliidhinisha kura ya maoni mwezi Agosti. Texas ikasaini bila kusita, Missouri ikafuata Septemba na North Carolina Oktoba, kisha bunge la Virginia, lenye Wademocrat wengi, likaanza kuibadili katiba ya jimbo ili nalo liingie uwanjani. Kila aliyejibu alisema analipiza, na jibu lake likawa sababu ya anayefuata. Tazama tarakimu zinavyoelekea: Trump alipata takriban asilimia 56 ya kura za Texas mwaka 2024, na ramani inakusudia kuipa Republican viti 30 kati ya 38, karibu asilimia 79. Kamala Harris alipata takriban asilimia 58 California, na ramani inakusudia viti 48 kati ya 52, zaidi ya asilimia 92. Warepublican wa California ni mamilioni. Wademocrat wa Texas ni mamilioni. Wakijumlishwa ni watu wengi kuliko wakazi wa mataifa mengi, na wote wanaambiwa waridhike kwa kuwa wenzao wa mbali, wanaoumia vivyo hivyo, wamewasawazishia mizani.

Wapo wanaosema kwamba mabunge ya majimbo yamechaguliwa na wananchi na Katiba imeyakabidhi kazi hii, kwa hiyo asiyependa ramani abadilishe bunge. Ibara ya kwanza ya Katiba, kifungu cha nne, ni kweli inayapa mabunge hayo kazi ya kupanga chaguzi, lakini sentensi hiyo hiyo inaipa Kongresi uwezo wa kuzibadili taratibu hizo kwa sheria. Waasisi hawakuyaamini mabunge ya majimbo peke yake. Na kuhusu kubadilisha bunge, angalia kilichotokea Austin. Zaidi ya Wademocrat 50 wa bunge la Texas waliondoka jimboni mwanzoni mwa Agosti ili akidi isitimie, kama wenzao walivyofanya mwaka 2003 wakati Mrepublican Tom DeLay alipoongoza uchoraji mwingine wa katikati ya muongo. Walitozwa faini ya dola 500 kwa siku. Waliporudi tarehe 18 Agosti, spika alitaka kila mmoja asaini karatasi ya kukubali kufuatwa na askari mpaka siku ya kura. Nicole Collier, mbunge wa Fort Worth, alikataa kusaini, akazuiwa kutoka nje ya jengo, akalala ukumbini kwenye kiti chake mpaka tarehe 20, ramani ilipopita kwa kura 88 dhidi ya 52. Mwakilishi wa watu alizuiliwa ndani ya bunge kwa sababu hakutaka kulindwa. Bunge linalofikia hapo ili lichore ramani haliwezi kusema kwamba ramani hiyo ni sauti ya wananchi. Na kwa kuwa haki haina chama, niseme pia kwamba wengi wa waliokimbia walipokelewa Illinois, jimbo ambalo Wademocrat wamejichorea viti 14 kati ya 17, wakati Trump alipata huko zaidi ya asilimia 43 ya kura. Aliyekimbia dhuluma Texas alipata hifadhi kwa watu wanaoitenda kwa wengine.

Pingamizi jingine ni la kitaalamu, na lina ukweli ndani yake: mfumo wa mbunge mmoja kwa eneo moja hautoi kamwe viti sawasawa na asilimia ya kura, hata bila hila. Massachusetts ni mfano mzuri. Trump alipata huko zaidi ya theluthi moja ya kura mwaka 2024, na viti vyote tisa ni vya Democratic. Lakini Warepublican wa jimbo hilo wamesambaa kwa usawa kiasi kwamba ni vigumu sana kwa mchoraji yeyote mwadilifu kuwapatia hata kimoja. Nakubali. Ndiyo maana kipimo hakipaswi kuwa asilimia peke yake. Kipimo ni zile ramani 3,000: tuulize kompyuta ingechora nini bila kujua vyama, halafu tuone ramani ya wanasiasa imesimama wapi. Massachusetts ingefaulu mtihani huo. North Carolina ilifeli mara 3,000 kati ya 3,000.

Nao wanaosema kwamba hakuna tume isiyo na upande, kwamba kila binadamu ana chama moyoni, wanazungumzia jambo ambalo halihitajiki. Tume ya California ina wajumbe 14: Wademocrat watano, Warepublican watano na wanne wasio wa chama chochote kati ya hivyo, na ramani haipiti bila kura za makundi yote matatu. Haitaki malaika, inataka watu wenye masilahi tofauti walazimike kukubaliana hadharani. Michigan ilianzisha tume ya wananchi kwa kura ya maoni mwaka 2018. Iowa imeiachia kazi hiyo ofisi ya watumishi wa bunge wasio wanasiasa tangu sensa ya 1980. Kanada inatumia tume huru tangu miaka ya 1960, na Kenya iliiweka kazi hiyo mikononi mwa tume kwa Katiba ya 2010. Muundo ndio wa kuangaliwa, kwa sababu kuna tume na tume. Ohio ina tume ya watu saba ambao wote ni wanasiasa au wateule wao. Mahakama ya Juu ya jimbo ilizikataa ramani zake mwaka 2022, na bado uchaguzi ukafanyika kwa ramani iliyokataliwa. Tume ya namna hiyo ni bunge lililobadili jina.

Habari ya Indiana imenipa moyo kuliko nyingine zote za mwaka 2025, na pia imenionyesha kikomo cha ushujaa. Jimbo hilo lina viti tisa. Republican inashikilia saba, na ikulu ilitaka vyote tisa. Makamu wa Rais JD Vance alikwenda kuwashawishi, Trump akatishia kuwapinga maseneta wakaidi katika kura za mchujo, baraza la wawakilishi la jimbo likapitisha ramani. Tarehe 11 Desemba 2025 Seneti ya jimbo, yenye Warepublican 40 kati ya wajumbe 50, iliikataa kwa kura 31 dhidi ya 19. Warepublican 21 waliungana na Wademocrat wote 10. Maryland nako, Rais wa Seneti Bill Ferguson, Mdemocrat, alikataa shinikizo la chama chake la kufuta kiti pekee cha Republican, akisema hatari ni kubwa kuliko faida. Watu hawa walithibitisha kwamba mnyororo wa kulipizana unaweza kukatika. Lakini baadhi ya maseneta wa Indiana walipokea vitisho, na polisi walitumwa majumbani mwao kwa taarifa za uongo za uhalifu. Haki ya mamilioni ya watu kuwakilishwa haiwezi kuachwa itegemee kama maseneta 21 watapata ujasiri asubuhi fulani ya Desemba. Haiwezi pia kuachiwa woga wa wachoraji wenyewe wa kudhoofisha maeneo yao, ingawa woga huo una msingi. Tarehe 2 Desemba 2025 eneo la saba la Tennessee, mojawapo ya vile vipande vya Nashville, lilifanya uchaguzi mdogo, na Mrepublican Matt Van Epps alishinda kwa takriban pointi tisa mahali ambapo Trump alikuwa amepita kwa 22. Wapiga kura huhama, na viti vilivyotandazwa vyembamba huweza kuanguka vyote kwa pamoja. Lakini kushinda kwa kishindo mara moja katika miaka 10 si sawa na kuwakilishwa kila siku.

Kinachobaki ni sheria moja kwa majimbo yote, kwa sababu jimbo linaloacha hila peke yake hulipa gharama peke yake, kama wananchi wa California walivyohisi. Kongresi inao uwezo huo. Machi 2021 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada ambao, pamoja na mambo mengine mengi, ungeyalazimisha majimbo kutumia tume huru, lakini ulikwama Seneti. Agosti 2025 Mrepublican Kevin Kiley wa California aliwasilisha muswada wa kupiga marufuku uchoraji wa katikati ya muongo. Ni kweli kwamba eneo lake lilikuwa kati ya yaliyolengwa, lakini andiko lenyewe ni sahihi, na viongozi wa chama chake walipaswa kulipeleka kwenye kura. Lile Pendekezo la 50 nalo lina maneno yanayoitaka Kongresi ilete tume huru nchi nzima, kwa hiyo Wademocrat walioipigania ramani ya California wamekwishaahidi kwa maandishi. Huko Missouri, wananchi waliokasirishwa na ramani ya Kansas City walikusanya saini zaidi ya 300,000 kudai kura ya maoni, zaidi ya mara mbili ya zilizohitajika kisheria. Madai yapo pande zote mbili. Kikwazo ni kwamba kila chama huogopa kufungwa mikono siku ambayo kalamu iko kwake, na kikwazo hicho kinaweza kupunguzwa kwa tarehe. Sheria ipitishwe sasa na ianze baada ya sensa ya 2030, kwa ramani zitakazochorwa 2031. Nani atatawala bunge la Texas wakati huo, au Virginia, au North Carolina, watu watakuwa wamehamia wapi, Walatino wa mpakani watakuwa wanapiga kura upande gani, hakuna kiongozi wa chama chochote anayeweza kusema leo.